CNC 3018: mota ya X inaunguruma haitembei, spindo inanuka kuungua. Kipi kibadilishwe na kwa shilingi ngapi?

#1 Chonga_Sakina

Wakuu habari za jioni. Mashine ni CNC 3018 ya kawaida, ile ndogo ya kuchonga kwa kuongozwa na kompyuta: bodi yenye programu ya GRBL 1.1, draiva tatu za A4988 za kuchomeka (vibao vidogo vinavyolisha umeme mota za mihimili), stepa za NEMA 17 (mota za kusogeza mihimili kwa hatua), spindo (inayozungusha biti) ni mota ya 775 yenye koleti ya ER11 ya kubana biti, pawa saplai ya volti 24 ampea 5. Ipo Arusha, Sakina. Kazi zake ni vibao vya majina na sahani ndogo za mninga na mpingo.

Matatizo ni mawili. Mhimili wa X ukiuamuru usogee, mota inaunguruma na kutetemeka palepale, haiendi mbele wala nyuma. Y na Z ziko sawa. La pili ni spindo: ikiingia kwenye mpingo inalegea, cheche zinaonekana kwenye matundu ya nyuma na harufu ya kuungua inatoka. Kuna wakati kazi inakatika katikati, na kwenye Candle, programu ya kompyuta inayotuma kazi, yanatokea maandishi ya Grbl 1.1f kana kwamba mashine ndiyo kwanza imewashwa.

Fundi mmoja wa mjini ametaja 480,000: bodi mpya, stepa mpya, spindo mpya. Kwa hela hiyo si bora kuongeza kidogo nikanunua mashine nyingine? Mita ninayo, naomba mwongozo wa kupima kwanza.

#2 Volti24_Moshi

Mkuu, usimpe mtu 480,000 kwa dalili hizo. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, yapime kila moja kivyake.

Anza na X. Stepa inayounguruma bila kuzunguka kwa kawaida inapata umeme kwenye koili moja tu kati ya mbili. Koili ya pili imekatika ndani ya mota, au waya umekatika, au plagi imelegea, au nusu ya draiva imekufa. Kati ya hizo nne, mota yenyewe ndiyo ya mwisho kushukiwa. Stepa haina kaboni wala kitu kinachosuguana zaidi ya beringi zake mbili.

Zima mashine, chomoa na plagi ya ukutani, subiri taa ya bodi izimike kabisa. Chomoa waya wa X na wa Y kwenye bodi, kisha vibadilishane: mota ya X iingie tundu la Y, ya Y iingie tundu la X. Washa, sogeza Y kwa kompyuta. Mota ya X ikizunguka vizuri kwenye tundu la Y, basi mota na waya wake ni wazima, ugonjwa uko kwenye draiva ya X. Ikiendelea kuunguruma, ugonjwa umehama na mota au waya wake.

Narudia kwa herufi kubwa: USICHOMOE WAYA WA STEPA MASHINE IKIWA IMEWASHWA. Koili ikikatiwa mkondo ghafla inatupa volti kubwa kurudi nyuma na draiva inakufa hapohapo. Draiva nyingi zinauawa na fundi akiwa anapima, kisha mteja anaambiwa "zilikuwa zimeungua".

#3 mchanga_wa_mbao

Nafuatilia, ya kwangu Y inakoroma hivyohivyo.

#4 Volti24_Moshi

Ukimaliza hilo, pima omu. Stepa ina waya nne, jozi mbili. Hujui jozi ni zipi? Shika waya mbili, zigusanishe ncha, zungusha shafti kwa vidole. Ikiwa ngumu ghafla, hiyo ni jozi. Ikiendelea kuwa laini, jaribu waya mwingine.

NEMA 17 za mashine hizi kila jozi husoma omu kati ya 1.5 na 3 hivi. Namba kamili si muhimu sana, muhimu ni jozi zote mbili zifanane. Moja 2.3 na nyingine 2.4, hakuna shida. Moja 2.3 na nyingine haisomi kabisa, imekatika. Na waya wowote dhidi ya ganda la chuma la mota usisome kitu chochote. Ukisoma, insulesheni imeungua ndani na hapo kweli mota ni ya kutupa.

Kabla ya kusoma, gusanisha ncha za mita zenyewe uone zinasoma ngapi. Mita za bei ya chini zina omu 0.3 hadi 0.5 kwenye nyaya zake, toa hiyo.

#5 Chonga_Sakina

Majibu: mota ya X kwenye tundu la Y inatembea safi. Mota ya Y kwenye tundu la X inaunguruma. Omu za mota ya X ni 2.4 na 2.4, kwa ganda la chuma hakuna kitu.

#6 Volti24_Moshi

Basi stepa ni nzima, na waya wake ni mzima. Draiva ya X ndiyo imekufa, au tundu lake. Kwa kuwa zako ni za kuchomeka, zima, chomoa draiva ya Y uiweke X. X ikitembea, umemaliza: draiva moja tu.

Sasa tafuta kilichoiua, la sivyo mpya itaifuata. Angalia kihitisinki (kibati cha kupooza joto) cha juu ya chip. Vinabandikwa na gundi, joto likizidi vinateleza na kukaa vimegusa pini za pembeni. Halafu soma rezista ndogo nyeusi kando ya chip imeandikwa R100 au R050, na upime volti ya rejea, ile inayoamua mkondo wa mota: ncha nyeusi kwenye GND, nyekundu juu ya kile kiskrubu kidogo cha kurekebisha, mashine ikiwa imewashwa. Mkono usiteleze, ukigusisha pini mbili umeongeza maiti nyingine.

#7 Chonga_Sakina

Draiva ya Y kwenye X: inatembea. Hitisinki ya ile mbovu imelala upande. Imeandikwa R100. Volti ya rejea kwenye zote tatu ni 1.25.

#8 Volti24_Moshi

Hapo ndipo muuaji alipo. Hesabu ya A4988: ampea ni volti ya rejea ugawe kwa 8, kisha ugawe kwa ukinzani. R100 ni omu 0.1, kwa hiyo 1.25 ÷ 0.8 = ampea 1.56. Mota zako nyingi za aina hiyo zimeandikwa 1.3, na A4988 bila hitisinki nzuri na feni haipendi kupita ampea 1. Imeletwa hivyo toka kiwandani au kuna mtu alikaza ili "iwe na nguvu". Zote tatu zishushe hadi 0.8, ambayo ni ampea 1. Kwa 3018 inatosha na kubaki. Zungusha kiskrubu kidogo sana, robo ya robo ya mzunguko, pima, rudia.

Ikiwa ni R050, nusu yake: 0.4. Watu wanakopi namba mtandaoni bila kusoma rezista, ndiyo maana mwingine anapata mota isiyo na nguvu na mwingine anakaanga draiva.

#9 Kiboriloni_Tek

Kwa nini asiweke DRV8825 kabisa? Inabeba mkondo mkubwa kuliko A4988.

#10 Volti24_Moshi

Anaweza, ila ajue mambo mawili. Kiskrubu cha DRV8825 kiko upande wa pili ukilinganisha na A4988. Ukichomeka kwa kufuata kiskrubu unaigeuza kichwa chini miguu juu, na ukiwasha inatoa moshi, pengine na bodi inaondoka nayo. Fuata maandishi ya pini za EN na DIR, yaoane na ya kwenye bodi. La pili, jampa (vibano vidogo vya kuunganisha pini chini ya draiva) zote tatu zikiwa zimefungwa A4988 inagawa hatua kwa 16, DRV8825 kwa 32. Kwa hiyo $100, mpangilio wa GRBL wa hatua za X kwa milimita, iliyokuwa 800 inatakiwa iwe 1600, la sivyo kibao cha sentimita 20 kinatoka sentimita 10. Na hesabu ya mkondo ni tofauti: ampea ni volti ya rejea mara 2, kwa hiyo ampea 1 ni volti 0.5.

Kwa mashine ambayo Y na Z ni za A4988, ningebaki na A4988. Nunua mbili, moja ikae akiba.

#11 Mama_Mninga

Naona X mmeimaliza, mie niingie kwenye spindo maana ndiyo iliyobeba gharama.

Mdogo wangu wa Sakina, 775 ni mota ya kaboni. Ina kaboni mbili zinazosugua komyuteta (pete ya shaba ya rota), na kaboni hizo zina umri. Kwenye mbao laini zinadumu, kwenye mpingo zinaisha upesi kwa sababu mota inavuta mkondo mkubwa muda wote. Juu yake kuna vumbi: mpingo unatoa unga laini mweusi, feni ya ndani inauvuta kupitia matundu, unakaa kati ya kaboni na komyuteta. Cheche za buluu ndogondogo ni kawaida. Cheche ndefu za njano zinazozunguka duara zima, hiyo imekwisha.

Vipimo vyake hivi hapa. Chomoa nyaya za spindo kwenye bodi. Weka mita kwenye omu, shika ncha mbili za mota, zungusha shafti polepolepole kwa vidole. Usomaji utapandashuka kidogo kila kaboni inapohama, lakini usipotee. Ikifika mahali mita inaonyesha imekatika, kisha inarudi, kaboni haigusi vizuri au sehemu moja ya komyuteta imeungua. Halafu shika koleti, sukuma kushoto na kulia. Ukisikia mchezo, beringi imelegea, na hata ukibadilisha kaboni mchongo utatoka na kingo zilizochanika.

Kipimo cha mwisho: ipe volti 24 moja kwa moja toka pawa saplai, mita ikiwa katikati kwenye tundu la ampea 10. Koleti iwe tupu, bila biti. Mota nzima ikizunguka bure inakula chini ya ampea 2. Ikila 3 au 4 bila kazi yoyote, ndani kuna koili zimegusana au beringi inakaba. Ukimaliza rudisha waya wa mita kwenye tundu la volti! Mita zinaungua sana kwa kusahau hilo.

#12 mchanga_wa_mbao

Mama Mninga, haiwezi kusukwa waya upya? Mtaa wa Unga Limited kuna mafundi wa kusuka mota wazuri.

#13 Mama_Mninga

Mota ya pampu au ya mashine ya kusaga, suka. 775 hapana. Waya wake ni mwembamba, rota ni ndogo, na bila kuibalansi ikizunguka mara 9,000 kwa dakika itatetemesha mashine nzima. Kazi ya fundi peke yake inapita bei ya mota mpya. Kaboni zenyewe 775 nyingi zimefungwa kwa kukunjwa vibati vya kifuniko cha nyuma, hazijatengenezwa zifunguliwe. Ukivikunjua mara moja, mara ya pili vinakatika.

#14 Chonga_Sakina

Dada asante sana. Omu zinapotea kabisa sehemu moja kila mzunguko. Bila kazi inakula ampea 3.4. Mchezo wa pembeni upo kidogo.

Swali: hii ndiyo inayofanya kazi ikatike katikati?

#15 Mama_Mninga

Hiyo ni ya kubadilisha, usihangaike nayo.

Na ndiyo, inahusika. Spindo ikikwama kwenye mpingo inavuta ampea zaidi ya 10, pawa saplai yako inatoa 5. Volti zinaanguka, ubongo wa bodi unakosa umeme kwa muda mfupi, ukirudi unaanza upya. Ndiyo maana unaona Grbl 1.1f. Ikianza upya imesahau iko wapi, kwa hiyo usibonyeze kuendelea: inua Z kwa mkono, tafuta sifuri upya.

#16 Volti24_Moshi

Naongezea: kuna sababu ya pili inayofanana nayo, kelele za umeme za kaboni kupita kwenye waya wa USB. Utofautishe hivi: kama maandishi ya Grbl yametokea, bodi imezima na kuwaka. Kama Candle imesema tu mawasiliano ya poti yamekatika, ni kelele. Dawa yake ni kapasita tatu za 104 kwenye mota mpya kabla hujaifunga: moja kati ya ncha mbili, nyingine mbili kila ncha kwenda kwenye ganda la chuma. Kwaruza ganda kwa msasa ili risasi ya kulehemu ishike. Waya wa USB uwe mfupi, usilale sambamba na waya wa spindo.

Pia kagua bodi isiwe imeumizwa na mota mbovu. Tafuta taa ya lori ya volti 24 wati 21, ifunge mahali pa spindo. Tuma amri za spindo: M3 S1000 iwake kabisa (kama $30, yaani S ya juu kabisa, ni 1000), M3 S500 ififie, M5 izimike. Isipozimika kwa M5, au ikiwaka mara tu unapochomeka umeme, mosifeti (swichi ya kwenye bodi inayowasha spindo) imegandana. Hiyo ni hatari kuliko spindo mbovu, kwa sababu biti inaanza kuzunguka mkono wako ukiwa pale. Na ikigandana angalia dayodi iliyo sambamba na spindo, kwa kawaida ndiyo ilikufa kwanza. 1N5822 inafaa, mstari wake uelekee upande wa chanya.

#17 Chonga_Sakina

Taa imetii zote tatu. Bodi nzima.

#18 Kiboriloni_Tek

Kabla hujalaumu nguvu ya spindo mpya, andika $$ kwenye Candle upate mipangilio ya GRBL, uangalie $30 na $32 (hali ya leza). $30 ikiwa 10000 na programu yako inatuma S1000, spindo inapewa sehemu ya kumi tu ya umeme. $32 lazima iwe 0. Mashine iliyowahi kufungwa leza mara nyingi inaachwa kwenye 1, spindo inakatika kila biti ikihama bila kuchonga.

Na $110, kasi ya juu ya X kwa milimita kwa dakika, isiwe juu sana. Kuna watu wanaweka 3000 ili iwahi, stepa inapiga kelele na kusimama, wanadhani imeungua. 800 hadi 1000 inatosha.

#19 Pasua_Vibao

Tuje kwenye hela maana ndiyo kichwa cha uzi. Bei za kukadiria, madukani zinapishana:

A4988 mbili, 8,000 kila moja: 16,000
Mota ya 775 ya volti 24 yenye beringi pande zote: 40,000
Kapasita za 104 na dayodi ya akiba: 3,000
Kutumiwa kwa basi toka Dar: 10,000

Jumla 69,000. Kufunga unafunga mwenyewe. Koleti ya ER11 na adapta yake unahamisha kutoka mota ya zamani. Ukimpa fundi kazi ya kufunga tu, mpe 20,000 hadi 30,000, na umwambie unataka vipuri vya zamani mkononi.

480,000 ni bei ya mtu asiyetaka kupima. Anabadilisha kila kitu halafu stepa zako tatu nzima anamuuzia mwingine.

#20 Kiboriloni_Tek

775 kwa 40,000 wapi kaka? Moshi hapa nimeona 25,000.

#21 Pasua_Vibao

Hiyo ya 25,000 angalia nyuma yake. Nyingi ni za volti 12, za drili za betri, na nyuma zina bushi badala ya beringi. Kwenye 24 itazunguka kwa kasi ya ajabu wiki chache kisha inafuka. Iwe imeandikwa 24V, na shafti iwe milimita 5 laini, duara kamili. Yenye shafti iliyochongwa bapa upande mmoja adapta inakaa imeinama.

Kuagiza nje kupitia mtandao ni nafuu ukiwa na vitu vingi. Kwa mota moja, usafirishaji na VAT ya asilimia 18, inayopigwa juu ya bei pamoja na usafiri, vinakula faida yote. Na mashine inakaa imesimama.

#22 mchanga_wa_mbao

Si angeweka spindo ya wati 500 tu akaachana na hizi?

#23 Mama_Mninga

Spindo ya wati 500 ni nzito, na kishikio cha Z cha 3018 ni cha plastiki. Z itaanza kushuka yenyewe umeme ukikatwa, na skrubu yake italegea. Pia inataka pawa saplai yake peke yake. Ukijumlisha na kishikio kipya cha chuma umepita laki tatu, juu ya fremu ambayo bado inanesa. Hiyo hela weka akiba ya mashine kubwa.

Kitakachomsaidia ni kupunguza pupa kwenye mpingo. Mpingo ukiutupa kwenye maji unazama, ni mti wa kuukwangua taratibu. Kwa biti ya milimita 3.175 yenye makali mawili: kina milimita 0.3 kila pasi, mwendo milimita 350 hadi 400 kwa dakika. Mninga nenda 0.6 na mwendo 500. Msonobari au mgrivelia hata 1 na mwendo 700. Usishushe mwendo chini sana ukidhani unaipumzisha mota: biti inasugua badala ya kukata, unga unageuka moshi, biti inabadilika rangi na kupoteza makali, na biti butu ndiyo inayoua spindo. Unachotaka kuona ni chembe, si poda.

Biti ishuke kwa mteremko, isitoboe wima. 3018 inateseka zaidi inapozama kuliko inapotembea.

Funika matundu ya mota kwa kipande cha soksi nyepesi ya nailoni, ukipige upepo kila ukimaliza kazi. Na wewe vaa barakoa, unga wa mpingo unawasha ngozi na kifua.

#24 Chonga_Sakina

Vipuri vimefika. X inatembea, volti ya rejea zote 0.8, hitisinki hazichomi tena kidole. Mota mpya inakula ampea 1.1 bila kazi. Adapta ya ER11 imegoma kutoka kwenye mota ya zamani, skrubu mbili za pembeni nimezitoa tayari.

#25 Pasua_Vibao

Usigonge kwa nyundo na usiibane shafti kwa koleo. Ipashe adapta, si mota, kwa hita ya upepo au chuma cha kulehemu kikubwa kwa dakika mbili tatu, kisha ivute huku ukiizungusha. Kuingiza kwenye mpya fanya vilevile: adapta ya moto, shafti baridi. Isukume kwa kuegemeza ncha ya nyuma ya shafti kwenye kitu kigumu. Ukiegemeza ganda, nguvu yote inaingia kwenye beringi na umeiua mota kabla haijachonga.

Ikipoa, funga biti, shusha ncha karibu na karatasi nyeupe, zungusha kwa mkono. Ncha ikichora duara linaloonekana kwa macho, legeza, geuza adapta nusu mzunguko, jaribu tena.

#26 Volti24_Moshi

Na usianze na mpingo. Endesha bila biti dakika kumi kwa S500 kaboni zikalie, halafu mgrivelia, halafu mninga. Mpingo kesho.